Ruzuku Imejenga Mnara, Nani Atalipia Usiku?

Nyuma ya ghala la tumbaku la chama cha msingi, katika kijiji anachoishi mama mkubwa mkoani Tabora, kuna kichuguu kinachomzidi mtu urefu. Kimechongwa ngazi sita kwa jembe, na kileleni nyasi hazioti tena kwa kukanyagwa. Wenyewe wanakiita Posta. Kwa miaka mingi hapo ndipo pekee mtandao uliposhika. Unapanda, unageukia upande wa reli, unainua simu juu kidogo ya sikio, unasubiri vijiti viwili vitokee. Foleni ilikuwa na sheria zake ambazo hazikuandikwa popote: mwenye mgonjwa anapita mbele, anayetaka kumpigia mchumba anakaa mwisho, na wote waliobaki chini wanasikiliza mazungumzo yake bila aibu. Wakala wa pesa alikuwa amefungua mwavuli wake pale chini. Mteja akija kutoa hela, wakala anapanda Posta na simu ya kazi, anakamilisha muamala, kisha anashuka kuhesabu noti.

Kisha mnara ukaja. Ulisimamishwa makao makuu ya kata, kilomita kama saba hivi, na kampuni moja ya simu ambayo sina haja ya kuitaja. Mama mkubwa anasimulia kuwa usiku wa kwanza taa yake nyekundu ilipowaka, ilionekana hadi mabondeni, na watoto walitoka nje kuishangilia. Nilipokwenda kumsalimia nilidhani nitakuta Posta imeota majani.

“Shikamoo mama mkubwa.”

“Marahaba mwanangu. Hebu niambie, wewe unayekaa mjini, huu mnara wenu mbona unalala mapema kuliko kuku?”

Nilikaa pale siku nne nikajionea. Mchana mtandao ulikuwepo, tena wa kutosha kutuma picha. Inapogonga saa mbili usiku, vijiti vinapotea vyote kwa mpigo, kama mtu aliyepuliza kibatari. Vinarudi asubuhi saa tatu, jua likishapanda. Siku ya tatu kulikuwa na wingu zito la mvua, na mtandao haukurudi hadi adhuhuri. Usiku huo huo nikasikia hatua za watu zikipita nyuma ya nyumba, na tochi za simu zikielekea ghalani. Walikuwa wanakwenda Posta kutafuta mnara wa zamani, ule wa mbali, ambao angalau haulali.

Kesho yake nilichukua bodaboda hadi kwenye mnara. Uzio wa waya, paneli za jua safu mbili, kabati la betri lenye kufuli jipya, na mlinzi chini ya mwembe. Akaniambia betri zimechoka, na nyingine ziliibwa kabla yeye hajaajiriwa. Jenereta hakuna. Nilipomuuliza umeme wa gridi, alinionyesha kwa kidevu: nguzo za umeme zimefika shuleni, chini kabisa kule, kama kilomita mbili kasoro. Hazikupanda hadi huku kwa sababu hakuna aliyeagizwa kuzipandisha.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia takwimu za minara iliyojengwa, nauliza moyoni: inawaka mpaka saa ngapi?

Tuanze na hela, maana ndizo zinazoongea. Tanzania ina chombo cha kupeleka mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake haiwezi kufika. Ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Wazo lake ni rahisi. Kampuni ya simu ikipiga hesabu ya kijiji chenye kaya mia nne zinazonunua vocha ya mia tano mia tano, inaona hasara, haiendi. Serikali inaiambia: nenda, tutakulipia sehemu ya gharama. Sehemu hiyo ndiyo ruzuku. Fedha zinatokana na tozo wanayolipa watoa huduma wenyewe, pamoja na bajeti ya serikali na mikopo ya miradi. Na hapa niseme jambo ambalo husahaulika wakati wa kukata utepe: tozo ya kampuni imo ndani ya bei ya kifurushi. Muuza mitumba wa Kariakoo akijiunga bando asubuhi, senti chache za bando lile zinakwenda kumjengea mnara mkulima wa Kaliua. Mkopo nao utarudishwa na wote wawili. Kwa hiyo mwanakijiji hapewi hisani na mtu, na akiuliza hela yake ilikwenda wapi asionekane mtovu wa shukrani.

Hatua kubwa kuliko zote ilikuwa Mei 13, 2023. Siku hiyo mjini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, mfuko huo ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, zenye vijiji 1,407. Tigo, ambayo siku hizi inaitwa Yas, ilichukua minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Ruzuku ya serikali ilikuwa Sh126 bilioni, na kampuni ziongeze zilizobaki. Ukigawanya kwa haraka, ni kama Sh166 milioni kwa kila mnara, na kila mnara unahudumia karibu vijiji viwili. Kwa nchi yenye watu waliotawanyika kama yetu, hiyo ni kazi ya maana. Nimeona watu mijini wakiibeza. Hao hawajawahi kumpeleka mjamzito zahanati usiku bila kuwa na namna ya kumpigia mwenye pikipiki.

Lakini katika mradi huo huo kulikuwa na kifungu kingine ambacho magazeti yalikipitia juu juu. Minara 304 ya zamani iliwekwa kwenye orodha ya kuongezewa uwezo, kutoka 2G kwenda 3G na 4G. Maana yake ni nini? Ni kwamba awamu zilizopita tulilipia minara ya kupigia simu na kutuma ujumbe mfupi, tukaihesabu kuwa mawasiliano yamefika, na sasa tunatoa hela mara ya pili ili kifike kile ambacho watu walikuwa wakikitaka. Simlaumu mtu. Mwaka 2012 kijiji kupata sauti tu kilikuwa kicheko. Ninachosema ni kwamba ruzuku hununua kile kilichoandikwa kwenye mkataba, na ikiandikwa “mnara”, utapata mnara. Nguzo ya chuma itasimama, taa nyekundu itawaka, na kila mmoja atakuwa ametimiza wajibu wake.

Mnara wenyewe ni fimbo tu. Kinacholeta intaneti ni antena zilizofungwa juu, redio za ndani ya kabati, umeme wa kuziendesha, na njia ya kurudisha mawasiliano hadi kwenye Mkongo wa Taifa. Huo mkongo tulianza kuujenga mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China, mwaka ule ule ambao waya wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na ukafikia urefu wa kilomita zaidi ya 7,500. Unafuata barabara kuu na njia kubwa za umeme. Kutoka hapo hadi mnara wa kijijini, safari mara nyingi ni ya mawimbi, mnara hadi mnara, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto. Akiyumba mmoja katikati, wote wa mbele wanakosa maji. Kwa hiyo inawezekana kabisa mnara ukawa mpya, wa 4G, umeandikwa hivyo kwenye ripoti, na bado picha moja ya cheti cha kuzaliwa ikachukua robo saa kupanda.

Na zabuni zenyewe zimeundwa kwa namna inayoleta hayo. Ruzuku ya minara hushindaniwa, na anayeomba ruzuku ndogo zaidi kwa kata husika ndiye anayepewa. Ni njia safi ya kuzuia serikali kuibiwa, na sitaki iondolewe. Ila mshindi wa bei ya chini lazima apunguze mahali, na hapunguzi chuma, maana chuma kinakaguliwa. Anapunguza betri. Anapunguza jenereta. Anapunguza idadi ya safari za fundi. Vitu hivyo havionekani siku ya uzinduzi, vinaonekana saa mbili usiku.

Wenzetu Wamarekani wamepita njia hiyo kwa fedha nyingi kuliko zetu, na walijikwaa pale pale. Desemba 2020 walitangaza washindi wa mnada wa ruzuku ya intaneti ya vijijini, zaidi ya dola bilioni 9, kwa mtindo huo wa anayeomba kidogo ndiye anayeshinda. Agosti 2022 mamlaka yao ya mawasiliano ikawanyima fedha wawili wa washindi wakubwa, LTD Broadband na Starlink ya Elon Musk, kwa kutoridhika kwamba wangeweza kutoa walichoahidi. Kabla hawajatulia, sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 ikatenga dola bilioni 42.45 nyingine zigawiwe kwa majimbo, kila jimbo ligawe ruzuku lenyewe. Miaka mitatu ikapita kwa ramani, rufaa na fomu, na mwaka 2024 unakwisha hakuna nyumba hata moja iliyokuwa imeunganishwa kwa hela hizo. Sisi, kwa hilo tu, tunaweza kujipigia makofi: mikataba ya Mei 2023 ilizaa minara inayoonekana kwa macho.

Kuna kitu kingine cha Marekani kinachonigusa zaidi. Walikuwa na mpango wa kumsaidia mwenye kipato kidogo kulipia bili ya intaneti, hadi dola 30 kwa mwezi. Kaya milioni 23 zilijiandikisha. Juni 2024 ukafa, kwa sababu Bunge lao halikuongeza fedha. Yaani waliacha kumlipia mtu atumie waya, wakaendelea kulipia waya upelekwe.

Kwetu pengo hilo, kati ya kufikiwa na kutumia, ni kubwa zaidi. GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ulikadiria kuwa mwisho wa mwaka 2023, Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa na asilimia 13 tu ya watu wasiofikiwa na mawimbi ya intaneti ya simu. Wanaoitumia walikuwa asilimia 27. Waliobaki, asilimia 60, wanaishi chini ya mawimbi hayo na hawayatumii. Sasa rudi kwenye bajeti zetu uangalie wapi hela zinakwenda. Asilimia 13 ina mfuko, ina sheria, ina mikataba inayosainiwa mbele ya Rais. Asilimia 60 ina semina.

Mama mkubwa ni mmoja wa hao sitini. Ana kitochi. Kinakaa na chaji siku nne, kina redio, na kina taa ya kuangalia kuku. Simu janja ya bei ya chini kabisa pale mjini kwao inagharimu magunia mawili ya mahindi, mwaka ambao mahindi yana bei. “Nile simu?” ananiuliza. Mjukuu wake anayo moja, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na hiyo ndiyo kompyuta ya ukoo mzima: matokeo ya darasa la saba, picha za msiba wa Mpanda, na mahubiri ya kila Jumapili.

Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2021 serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ikisema inataka watumiaji wa intaneti wapande kutoka asilimia 46 hadi 80 ifikapo mwaka 2025. Nilishangilia. Mwaka mmoja baadaye, bajeti ya 2022 ikairudisha. Hoja iliyotolewa ni kwamba msamaha haukuleta matokeo yaliyokusudiwa, na nakiri kuna ukweli ndani yake: wafanyabiashara wengi hawakushusha bei, walibaki na ile asilimia 18 mifukoni. Lakini mwaka mmoja! Mche wa korosho hauzai kwa mwaka mmoja, na hakuna anayeung'oa. Kama tatizo lilikuwa wauzaji, wangebanwa wauzaji. Badala yake mkono mmoja wa serikali ukaendelea kumlipa mtu ajenge mnara, na mkono mwingine ukamtoza mwanakijiji aliyetaka kuutumia.

Nisije nikaeleweka vibaya, kana kwamba intaneti kijijini ni ya mahubiri na picha za msiba tu. Serikali yenyewe imeshahamia huko, na imehama na funguo. Tangu Oktoba 2023 ununuzi wa umma ni lazima upite kwenye mfumo wa NeST, hadi ngazi ya shule na zahanati. Ajira za umma zinaombwa kwenye tovuti. Mkopo wa chuo unaombwa kwenye tovuti. Mbolea ya ruzuku, ambayo ilianza msimu wa 2022/23, inategemea namba ya mkulima iliyosajiliwa na wakala mwenye simu inayoweza kuithibitisha kwenye mfumo. Korosho za kusini zinauzwa kwa mnada wa kwenye kompyuta. Mambo mazuri yote hayo, yamepunguza mianya ya wizi kwa kiasi ambacho daftari lisingeweza. Lakini mwalimu mkuu wa shule ya kijijini kwa mama mkubwa anafunga safari ya kilomita thelathini na pikipiki kwenda kuingiza taarifa, analala gesti, anarudi kesho yake. Nauli na chumba ni vya mfukoni mwake. Siku hizo mbili darasa lake la sita linapewa kazi ya kunakili ubaoni.

Ukimwambia mwalimu huyo kuwa kata yake imo ndani ya eneo lenye mawimbi, hatakukatalia. Ramani inasema hivyo. Ramani huchora duara kuzunguka mnara na kuhesabu watu walioangukia ndani. Haiulizi vilima, haiulizi miombo iliyoshonana, haiulizi betri. Na takwimu za laini nazo zina utani wake. Desemba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilihesabu usajili wa intaneti milioni 48, katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu 61,741,120, wakiwemo wanaonyonya. Ni nani hao? Ni mimi na wewe wenye laini tatu tatu. Kijijini kwa mama mkubwa vijana wanabeba mbili: ya mnara wa kata kwa mchana, ya Posta kwa usiku.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo hatukukosea hata kidogo. Agosti 2022 tulipandisha intaneti Mlima Kilimanjaro, hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mtalii anatuma picha yake moja kwa moja kutoka mawinguni. Sina kinyongo na hilo, watalii wanaleta dola, na mwongoza watalii aliyepata ajali kule juu anaokolewa haraka. Ila limenionyesha kuwa tukiamua kitu kiwake, kinawaka, baridi iwe na ubaridi wake na oksijeni iwe na uchache wake. Tabora haina barafu.

Niwape kampuni haki yao, maana nimezungumza na mafundi wawili watatu na wana hoja. Mnara wa kijijini hauingizi hela ya maana. Betri zinaibwa, na anayeiba mara nyingine ni mtu wa kijiji hicho hicho, anaiuza kwa mwenye kibanda cha kuchajia simu. Masika barabara inakatika, fundi anakaa wiki upande wa pili wa mto akiangalia mnara wake ukiwa umezima. Dizeli inapanda bei, na ikifika imeshapungua njiani kwa namna ambayo haielezeki. Fundi mmoja aliniambia, “Kaka, kujenga ni siku arobaini. Kuutunza ni maisha.” Sasa kama ndivyo, kwa nini ruzuku yetu inalipia siku arobaini?

Hilo ndilo ninalotaka libadilike, na halihitaji kubuniwa upya. Mkandarasi wa barabara tunamwekea kipindi cha matazamio na kuzuia sehemu ya malipo yake, lami ikifumuka anarudi kuitengeneza kwa hela yake. Mnara unaojengwa kwa fedha ya umma utendewe hivyo hivyo. Sehemu ya ruzuku ilipwe unapowaka, na sehemu nzuri iliyobaki ilipwe kidogo kidogo kwa miaka mitano, kila robo mwaka, kwa kufuata saa ambazo mnara ulikuwa hewani. Saa hizo hazina mjadala. Mnara ukizima, chumba cha udhibiti cha kampuni kinajua sekunde ile ile, na kumbukumbu inabaki. TCRA tayari inapima ubora wa huduma na kutoza faini wanaoshindwa. Kinachokosekana ni kuunganisha kipimo hicho na hundi. Kampuni zitasema bei ya zabuni itapanda. Itapanda, ndiyo. Afadhali tulipie minara 600 inayokesha kuliko 758 inayolala na kuku, na nadhani hata wanakijiji wa hiyo 158 wangeielewa hesabu hiyo kuliko tunavyodhani, kwa sababu mnara unaolala wameshauona kwa majirani.

Umeme ndio unaonikera zaidi, kwa kuwa ulikuwa rahisi. Kufikia mwaka 2024 Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulikuwa umefikisha umeme katika karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Hiyo ni fedha ya umma, kama hii ya minara. Lakini mchora mstari wa nguzo na mchagua eneo la mnara hawakai meza moja, kila mmoja ana wizara yake, bodi yake na ratiba yake ya kuzindua. Matokeo yake nguzo zinaishia shuleni na mnara unakaa kilimani ukisubiri jua. Kilomita mbili za waya wa umeme ukilinganisha na betri za kubadilishwa kila baada ya miaka michache: mhasibu wa kiwango cha cheti anaweza kuamua. Wakae meza moja.

Jambo la tatu nitalisema kwa ufupi kwa kuwa wataalamu wake wapo: mnara uliolipiwa na laini zote ubebe laini zote. Leo mwenye laini ya kampuni nyingine akipita chini ya mnara wa ruzuku mara nyingi anaona “hakuna huduma”, ilhali tozo ya kampuni yake nayo ilichangia chuma kile.

Jirani zetu Wakenya, ambao watoa huduma wao huchangia asilimia 0.5 ya mapato kwenye mfuko wa aina hii, walianza na kitu ambacho nakitamani. Walitenga fedha za kuunganisha shule za sekondari 896 kwa intaneti ya kasi, sambamba na kupeleka mawimbi ya simu mahali yalipokosekana. Ukianza na shule unapata jengo lenye umeme, mlinzi, na mtu anayepiga kelele huduma ikikatika. Nasi tunao mfano wetu, Kondoa, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenyeji waliunda mtandao wa jamii unaotumia masafa ya televisheni yaliyo wazi. Ni kitu kidogo, hakitachukua nafasi ya kampuni za simu. Lakini kinathibitisha kuwa kijana wa kijijini aliyefundishwa anaweza kupanda mlingoti na kukaza nati, na kampuni inayolia kwamba fundi wake hafiki masika ingemwajiri huyo.

Na orodha iwe wazi. Kila mnara wa ruzuku uandikwe kijiji chake, kampuni yake, kiasi ulicholipiwa, kasi iliyoahidiwa na saa za kuwaka zilizoahidiwa. Ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kijiji, pale pale tunapobandika mapato na matumizi. Mtu hawezi kudai asichojua kuwa aliahidiwa. Mama mkubwa alidhani mnara kulala usiku ndiyo desturi ya minara, kama duka linavyofungwa.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kisheria kila baada ya miezi mitatu. Msomaji, kama una ndugu kijijini kwenye mnara, mwambie asimame siku hiyo amuulize mtendaji mambo mawili tu: mnara huu ulilipiwa shilingi ngapi za umma, na umeahidiwa kuwaka saa ngapi kwa siku. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, yapelekwe kwa diwani, na nakala kwa mbunge kabla ya Bunge la bajeti. Mama mkubwa ameshaniambia mkutano wao ni mwezi ujao, na yeye atakaa kiti cha mbele.